Saa za Kungoja pale Molo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokewa na Meneja wa Usafiri, mzee mrefu aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Kampuni ilikuwa hapa Nakuru, ikisafirisha viazi, maziwa na maua. Alinionyesha meza yangu, akanieleza kwamba nitaandika maelekezo ya kazi: dereva ajazeje karatasi ya safari, mlinzi asajilije lori getini, nani apigiwe simu gari likiharibika njiani.

"Andika ili mtu aliyechoka aelewe," alisema. Kwa miaka mingi sikuhitaji ushauri mwingine.

Baadaye nilihamishiwa Naivasha, kwenye malori ya maua, ambako kuchelewa kidogo tu kulimaanisha mzigo umekataliwa uwanja wa ndege. Kisha nikapelekwa Molo, kwenye stoo ya viazi, na huko ndiko nilikowajua madereva vizuri. Maelekezo yangu yalibandikwa ukutani. Asiyeelewa alikuja kuuliza, na asiyekubali alikuja kugombana. Nilisikiliza, nikarekebisha, nikabandika upya.

Niliporudishwa Nakuru, yule Meneja alikuwa amestaafu. Mkubwa wangu mpya alikuwa Mkuu wa Data, dada mpole wa umri wa binti yangu. Kampuni ilikuwa imenunua programu ya kurekodi saa za kazi. Ndani ya kila lori kulikuwa na kifaa kilichotuma habari: injini imewashwa, imezimwa, gari limesimama wapi. Dereva naye alikuwa na simu ya kubonyeza kukubali safari au kuikataa.

Mkuu aliniambia kwamba mara hii sitamwandikia mtu. Wasomaji wangu watakuwa ajenti. Kwa wasiowajua, ajenti ni programu ya akili bandia inayopewa kazi na kuachwa iifanye yenyewe. Wetu walisoma zile saa, wakaamua ni dereva gani amepumzika, wakamtumia safari inayofuata. Lori hawajawahi kuliona. Walijua tu kile kilichoandikwa kuhusu kila kipengele cha data: kinabeba nini, kitumike lini, kisitumike lini. Mtu ukimwachia pengo atakuuliza. Ajenti hulijaza mwenyewe na kuendelea na kazi.

Maelezo ya mwanzo yalikuja na programu kutoka kwa wauzaji, nami nikapewa niyapitie kipengele kwa kipengele huku ajenti wameshaanza kazi. Sikuwa nimefika mbali nilipopigiwa simu na Barasa, dereva niliyemfahamu tangu Molo, mtu wa maneno machache.

"Mathe, hiyo system yenu inasema nimelala," alisema, akiniita mama kwa lugha ya madereva. "Mimi sijalala. Nimeshinda kwa foleni ya viazi."

Asubuhi iliyofuata nilienda Molo. Malori yalikuwa yamepangana kuelekea stoo, ukungu ukiwa bado chini. Madereva walizima injini kuokoa mafuta, wakakaa macho, kwa sababu foleni ikisogea nawe husogei, wa nyuma anaingia mbele yako. Nilirudi ofisini nikafungua maelezo. Yalisema injini ikizimwa kwa muda mrefu, hayo ni mapumziko. Ajenti walikuwa wamesoma sawasawa. Walimwona Barasa kama mtu aliyetoka kitandani, wakampa safari ndefu ya Malaba, mpakani na Uganda.

Niliandika sehemu mpya nikampelekea Mkuu: saa za kungoja kupakia zihesabiwe kazi, na kabla ya kusema dereva amepumzika, ajenti aangalie kama gari liko kwenye foleni ya stoo. Aliisoma mbele yangu mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, Mama Wanja," alisema. "Lakini maelezo yanayotumika yameshapitishwa. Hii itaingia kwenye toleo lijalo."

Nilimwambia kuna watu barabarani sasa hivi. Akanijibu kwamba hakuna anayelazimishwa, dereva aliyechoka anaweza kukataa safari.

Barasa alikataa. Akakataa tena wiki iliyofuata, kwa sababu ileile. Kumbe kipengele cha kukataa nacho kilikuwa na maelezo yake: dereva aliyepumzika amekataa kazi. Ajenti wakaanza kuwapa safari wengine kwanza. Simu ya Barasa ikanyamaza polepole. Hakuna aliyemkasirikia wala kumwita ofisini, na aliniambia hilo ndilo lililomchosha zaidi, kwamba hakuwa na mtu wa kubishana naye. Mkataba wake ulipoisha, haukuendelezwa.

Toleo jipya lilitoka na maneno yangu yote ndani. Madereva wa Molo wakaanza kupata usingizi kabla ya safari ndefu. Nilimwomba Mkuu amrudishe Barasa. Alijaribu kwa moyo, lazima niseme hivyo, akarudi na jibu kutoka juu kwamba rekodi haiwezi kubadilishwa, kwani ni kweli dereva alibonyeza kukataa.

"Rekodi ni sahihi," aliniambia, kisha akainamia kompyuta yake tusitazamane.

Nilistaafu muda si mrefu baadaye. Waliniandalia keki na soda, wakanisifu kwa maandishi yaliyo wazi.

Mwaka huu nilienda Molo kutafuta mbegu ya viazi, nikamkuta Barasa kwenye shamba la shemeji yake, akijaza magunia. Tulisalimiana vizuri. Aliuliza habari za watoto, nami nikauliza za kwake. Halafu akataka kujua kama foleni bado inahesabiwa usingizi.

"Siku hizi inahesabiwa kazi," nilimwambia.

"Afadhali," alisema. "Hao wengine watapumzika."

Akashona gunia langu la mbegu, akalibeba mwenyewe hadi kwenye gari, akaniaga, akarudi shambani.

Sasa niko nyumbani, na mara nyingi asubuhi namkumbuka akisema hivyo, bila uchungu wowote. Heri angenigombeza.