Mwingereza Aliyetusomea Harusini

Juzi nilikuwa kwenye treni ya buluu, ile ya chini ya ardhi, natoka kazini, hoi, nikaokota gazeti la bure kitini. Usomaji wangu ndio huo, wa magazeti yaliyoachwa na wenzangu. Nafungua, nakutana na uso ninaoujua. Mshairi wa Uingereza, limeandika, anakuja Stockholm kusoma mashairi yake, na tiketi zimeshakwisha. Nywele zimeingia mvi, ila ni yeye, Mwingereza wetu wa ghorofa ya tatu. Nilicheka peke yangu mpaka Mswidi wa pembeni akahama kiti.

Gazeti lilieleza vitabu vyake na sifa zake, lakini Hjulsta, mtaa wetu, halikuutaja hata kidogo. Sasa ngoja nikusimulie mimi.

Tulikaa kule reli inapoishia. Jumamosi jengo lote lilinuka vitunguu: kwetu pilau, kwa Mkongo wa chini samaki wa kukaanga, na ngazi zote zinapokea harufu bila ubaguzi. Chini kabisa palikuwa na tvättstuga, chumba cha kufulia cha jengo zima. Kila nyumba ina zamu yake, na ukichelewa kutoa nguo mashineni unakuta umebandikiwa karatasi ya matusi, lakini matusi ya adabu, wanavyojua Waswidi. Kazi yangu ilikuwa kukunja khanga za Mama. Nilizikunja vibaya makusudi nikitegemea kufukuzwa kazi. Sikufukuzwa.

Humo ndimo Mama alimokutana na Mwingereza, mwanamke mwembamba, sweta la kijivu kiangazi na baridi. Mama alikuwa anasafisha ndege uwanjani, na Kiswidi chake kilikuwa cha kusukuma kama gari bovu, lakini alisukuma. Akamuuliza anafanya kazi gani. Yule akasema anafundisha watu wazima Kiingereza jioni, ila zamani alikuwa mshairi.

Mama ni mtu wa Tanga. Kwake yeye mshairi si mtu wa kujifungia na vitabu, ni mtu wa kualikwa. Shairi lina shughuli yake, na watu wanaliitikia. Papo hapo akamwambia mdogo wake anaolewa, mama mdogo wangu huyo, na yeye Mwingereza atasoma harusini.

Mwingereza akakataa. Nguo zikawa zinazunguka na yeye anaeleza. Kwao alitoa kitabu akiwa bado msichana, kikasifiwa sana. Halafu mama yake akafariki. Jioni moja akiwa mbele ya watu ukumbini, sauti ikamkatika katikati ya shairi, watu wakakaa kimya wakimtazama, akashuka. Hakusoma tena, wala kuandika. Alimfuata mwanaume Stockholm, mwanaume akaondoka, yeye akabaki na sweta. Mama alimsikiliza vizuri sana, kisha akamuuliza kama anakula pilau. Mwisho yule akasema sawa, atajaribu mara hii moja, na ikishindikana tena ushairi basi, hataugusa mpaka kufa.

Siku ya harusi ukumbi wa mtaani ulijaa udi na sambusa. Mwingereza akaitwa, akasimama na karatasi yake, akaanza kusoma kwa Kiingereza, taratibu, akipumzika kila mstari. Sasa kwetu mshairi akipumzika anapongezwa. Kina mama wakapiga vigelegele. Akasoma tena, akapumzika, vigelegele, vitambaa vinapepea. Na mimi nilipiga, tena sauti nilikuwa nayo.

Mezani kwetu aliyekuwa anafuata maneno ni jirani yetu, mzee Mganda, dereva wa basi aliyekuja huku mkimbizi. Akainuka, akawa anashusha mikono tunyamaze. Kina mama wakadhani anacheza, wawili wakaenda kucheza naye. Ikabidi aseme.

"Dada, acheni," alimwambia Mama. "Huyu anasema mama yake alikufa. Na nyinyi munapiga vigelegele."

Ukumbi ukanyamaza. Kimya kile kile alichokikimbia kwao, sasa tumemletea sisi. Macho yake yalikuwa mlangoni.

Mama akafungua khanga kiunoni, akaenda mbele, akamfunika nayo mabegani.

"Anza upya, mwanangu," akasema. "Tulikuwa hatujui kama ni msiba."

Mzee Mganda akatafsiri. Mwingereza akavuta khanga vizuri, akarudi mstari wa kwanza. Alipopumzika, kina mama wakaitikia kwa sauti ya chini, wote pamoja: pole. Mstari mwingine: pole. Hivyo hivyo. Wanja wa bibi harusi ukateremka mpaka kidevuni, na rafiki mmoja wa bwana harusi, Mkenya, akauliza kama harusi bado ipo. Sauti ya Mwingereza haikukatika. Mama alimuuliza kwanza mzee Mganda kama limekwisha, na alipoitikia kwa kichwa, ndipo vigelegele vikapigwa mpaka taa zikataka kuanguka.

Baada ya hapo tukawa tunamsikia kupitia mabomba ya bafuni, anasoma peke yake, kwa nguvu. Kiangazi kilichofuata wakamwita kwao, kitabu kingine kinatakiwa. Mama alinuna wiki nzima, kama vile si yeye aliyemponya.

Tulimsindikiza kituoni. Treni ilikuwa imesimama milango wazi, maana Hjulsta ndipo inapogeuzia. Mama akamwambia asituache hivi hivi. Mwingereza akasimama mlangoni na sanduku lake, akatusomea shairi jipya kwa sauti ya kutosha ukumbi, ndani ya treni ya Stockholm, ambamo mtu akipiga chafya anaona aibu. Milango ikajifunga hajamaliza. Tukaona mdomo unaendelea nyuma ya kioo, mpaka treni ikaingia shimoni.

Ukumbi ule siku hizi watu wananyanyua vyuma. Mzee Mganda hayupo tena duniani. Mama mdogo kahamia Märsta, akiongea na wanawe wanamjibu Kiswidi, na harusi zetu sasa ni picha ukutani, hakuna anayemwitikia mtu. Mama karudi Tanga. Mimi nimeazima vitabu vyote vya Mwingereza maktaba, nakaa na kamusi, mimi niliyeacha gymnasiet, sekondari ya huku, njiani kwa sababu ya Kiingereza hicho hicho. Shairi lile la kituoni sijalikuta. Mama akinipigia, kabla ya salamu za wagonjwa, ananiuliza liliishaje. Namwambia bado natafuta.