Sifuri ya Ha Ramohapi

Jumatano, 12 Juni 2019. Baridi kali. Umande ulikuwa bado umeganda saa nne asubuhi, na theluji imeanza kuonekana juu ya njia ya mlimani. Upepo wa kusini.

Nimefanya kazi na Nthatisi miaka kumi na tisa katika ofisi ya afya ya wilaya yetu, huku milimani Lesotho, na sikuwahi kumwona amekasirika. Siku hiyo alikasirika, na alikuwa na haki.

Nthatisi ndiye mtunza takwimu. Ana miaka hamsini na miwili, hukaa ofisini na blanketi lake mabegani tangu Mei hadi Agosti, na penseli huchonga kwa kisu. Asubuhi hiyo alikuta mezani nakala ya barua ya onyo, aiweke kwenye faili. Barua yenyewe ilikuwa ya kwenda kwa Nkhono 'Makhotso, bibi anayewahudumia wagonjwa wa kijiji cha Ha Ramohapi kwa miguu yake. Ilisema kwamba mwezi mzima wa Mei hakumtembelea mgonjwa hata mmoja. Na kwa kuwa kijiji kilionekana hakina mgonjwa, hakikupangiwa boksi kwenye lori la dawa la kesho yake. Hilo lilikuwa lori la mwisho kabla theluji haijafunga njia.

"Ha Ramohapi kuna watu kumi na mmoja wa kifua kikuu," Nthatisi alimwambia mkuu wetu, Ntate Khoabane. "Nawajua kwa majina."

"Dada, jedwali la kompyuta linasema sifuri."

"Basi jedwali linasema uongo."

"Kompyuta haina shangazi kule wa kumtetea," Khoabane akacheka. "Nipe uthibitisho kabla ya saa kumi, stoo haijafungwa. Vinginevyo sisaini boksi."

"Bibi wa watu anapanda mlima na magoti yale mabovu, halafu mtu aliyekaa kando ya hita anamwandikia kwamba amelala!"

Khoabane akaivuta miguu yake kutoka kwenye hita.

Faili la jedwali lile, humo ndani ya kompyuta, lilitengenezwa na mtaalamu kutoka mji mkuu. Kila kijiji kina karatasi yake, zote ishirini na tatu, na mbele yake kuna karatasi ya muhtasari. Pale kwenye muhtasari fomula husoma jina la kijiji lililoandikwa pembeni, huenda kutafuta karatasi yenye jina hilohilo, hushuka hadi mstari wa wagonjwa, na kurudi na idadi. Ukibadilisha jina pembeni, yenyewe inahamia karatasi nyingine. Ni kazi nzuri. Ila mtaalamu aliongeza kipande mwishoni: fomula isipoipata karatasi, iandike sifuri.

Nthatisi aliinakili fomula kwenye daftari na kuisoma kwa penseli, bano kwa bano. Haikuwa na kosa. Akaandika upya jina la kijiji, labda kulikuwa na nafasi isiyoonekana. Sifuri. Akahesabu karatasi: ishirini na tatu, hakuna iliyopotea. Chakula cha mchana hakukigusa. Saa nane na nusu akaanza kuyasoma majina ya karatasi moja moja kwa kidole juu ya kioo, na ya kumi na saba ilikuwa imeandikwa "Ukweni". Akaifungua. Wagonjwa kumi na mmoja, matembezi ya nyumbani arobaini na manne.

Akamwita 'Malereko, karani aliyeanza kuingiza takwimu mwezi Mei.

"Mwanangu, hii nini?"

'Malereko akainamisha macho. "Mama, si nimeolewa kule?"

"Najua. Nilikula kondoo wa harusi yenu."

"Sasa kijiji kimebeba jina la baba mkwe wangu. Mkwe halitaji jina hilo. Nitalitamkaje? Nitaliandikaje? Nilikuta lipo kwenye karatasi, nikalibadilisha. Nilijua kila mtu ataelewa."

"Kila mtu angeelewa. Fomula ndiyo haijaolewa kwenu."

Khoabane, aliyekuwa mlangoni, akadakia: "Kumbe ni huyu! Basi onyo lihamie kwake. Na jina alirudishe sasa hivi, nikimwangalia."

Nthatisi akasimama. Blanketi likamdondoka, hakuliokota.

"Ntate, mkeo humwita baba yako kwa jina?"

Khoabane akageukia dirishani.

"Nakuuliza. Humwita? Mtaalamu wa mjini simlaumu kwa mila, lakini wewe umezaliwa hapa! Bibi hana kosa, na binti huyu hana kosa. Kosa ni hii sifuri. Aliyetafuta karatasi akaikosa aseme nimeikosa. Nani kamtuma aseme hakuna wagonjwa? Nikija kwako nisiione nyumba kwa ukungu, nirudi nitangaze kwamba umekufa?"

Akakaa, akafanya kazi. Kila kijiji alikipa namba, moja hadi ishirini na tatu, akaziita karatasi kwa namba hizo, na fomula akaielekeza isome namba badala ya jina. Ha Ramohapi ikawa 17, ambayo mkwe yeyote anaweza kuiandika. Kipande cha sifuri alikifuta, mahali pake akaandika: KARATASI HAIJAONEKANA, ULIZA. Kisha akaiharibu makusudi namba ya karatasi moja aone kama fomula italalamika. Ikalalamika. Akairekebisha.

Saa kumi kasorobo muhtasari ulionyesha 11, na Khoabane akasaini boksi.

"Na barua ya bibi?"

"Tutaiangalia wiki ijayo."

"Imo kwenye mfuko wa lori. Lori linaondoka kesho."

"Wiki ijayo, dada."

Asubuhi iliyofuata Nthatisi alifika saa kumi na mbili, jua halijachomoza mlimani. Alihakikisha boksi namba 17 limo, akamwomba dereva mfuko wa barua, akaitoa ile ya Nkhono 'Makhotso na kungoja nayo getini. Khoabane alipofika kusaini safari, alimpa barua na penseli yake. "Andika nyuma yake." Khoabane akamtazama dereva, dereva akatazama matairi. Akaandika kwamba onyo limefutwa. Nthatisi akasoma, akamrudishia aongeze neno la kuomba radhi na yale matembezi arobaini na manne, kisha akaichomeka chini ya kamba ya boksi na kuikaza kamba mwenyewe.