Bi Sifuri Apima Nyumba Yake

Kazini walimwita Bi Sifuri, na jina hilo alilipata kihalali. Katika maabara yao ya ghorofa ya pili, ambako bidhaa hupimwa kama zina sumu zilizopigwa marufuku, wenzake walichangamka pale mashine ilipokamata kitu. Yeye alichangamka isipokamata. Mwanasesere akipita, ndoo ikipita, poda ya watoto ikipita, ungemsikia akitamka "sifuri" kama mpishi aliyeonja mchuzi na kuona chumvi imekolea. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kutompenda, na hata ukimcheka kidogo, utamcheka kwa heshima.

Binti yake wa miaka mitatu walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua mapumziko. Lakini miezi ya karibuni Kasuku alikuwa amepoa. Alishika tumbo, alisukuma sahani, na maneno aliyokwisha kuyajua yalianza kumpotea moja moja. Daktari alichukua damu yake, kisha akawaita wazazi wote wawili. Damu ya mtoto ilikuwa na madini ya risasi, sumu ileile ambayo mama yake huisaka kila siku ya kazi.

"Mama, dawa ninazo," daktari alisema. "Lakini nikimpa huku bado anaila huko nyumbani, nitakuwa nateka maji kwa pakacha. Itafuteni kwanza. Na msichelewe, ubongo wa mtoto haungoji."

Mganga hajigangi, walisema waliotutangulia. Bi Sifuri alirudi nyumbani akijilaumu kwamba amebeba vumbi la kazini kwenye nguo zake. Alipimwa yeye, akapimwa na mumewe, fundi cherehani anayeshonea barazani. Wote wawili damu yao haikuwa na neno. Kwa hiyo ilikuwa kitu anachokila mtoto peke yake. Ni kitu gani hicho, ikiwa watatu hao wanakula chungu kimoja?

Mkuu wa maabara alimhurumia, akamwazima kwa siku moja mashine ya mkononi. Ina umbo la kikaushia nywele. Unaielekeza kwenye kitu, unabonyeza, inatoa miale, na kwenye kioo chake unasoma madini yaliyomo. Sharti ni moja tu, asikae mtu mbele yake. Jumamosi asubuhi baba na mtoto wakahamishiwa barazani. Jirani alipomsikia fundi akieleza kwamba mkewe yuko ndani anatafuta risasi, aliwaingiza watoto wake na kufunga mlango, na hakuna aliyekwenda kumfafanulia.

Bi Sifuri alifanya mambo kwa utaratibu wa kazini. Aliondoa kila kitu mezani, akaipangusa meza vizuri, kisha akaweka vitu vya Kasuku kimoja baada ya kingine. Alianza na kikombe cha plastiki. Risasi ipo. Moyo ulimruka kwa furaha ya kumshika mwizi kabla hata ya kuvunja kufuli. Akaweka sahani. Risasi ipo. Kijiko cha plastiki, nacho kinayo. Kitana, kinayo. Alivitia vyote kwenye mfuko, na furaha ile ikaanza kumtoka. Wezi wengi kiasi hicho ndani ya nyumba moja?

Akararua karatasi moja kwenye kitabu cha picha. Inayo. Akavua kitambaa chake cha kichwani, ambacho Kasuku hajapata kukitia mdomoni. Kinayo. Mwisho akatoa kile kipande cheupe ambacho maabara hukitumia kuhakikisha kwamba mashine haisemi uongo. Kipande hicho hakina kitu, ndiyo kazi yake, kutokuwa na kitu. Siku hiyo nacho kilikuwa na risasi.

Hapo akili ilimgoma. Akakata kipande cha mkate walionunua asubuhi ile, akakiweka mezani, akabonyeza, huku akijionea aibu kama mtu anayemtuhumu malaika.

Alitoka hadi mlangoni, amekishika mkate. "Mkate una risasi," alimwambia mumewe.

Fundi alikuwa na tonge la mkate huohuo shavuni. Akauliza ateme au ameze. Bi Sifuri akarudi ndani na kukaa.

Alichanganyikiwa, tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaza ngano, aliwaza maji, aliwaza moshi wa barabarani. Akawaza kwamba mashine imeharibika, na wazo hilo likamtisha kuliko la mkate, kwa sababu mashine ikiwa mbovu basi hajui lolote, na mtoto wake anaendelea kula asichokijua mtu. Kati ya dunia iliyojaa sumu na macho yasiyoona, hakujua aombe kipi.

Mumewe aliingia na birika la chai. Akitafuta pa kuliweka, alikusanya mkate, kikombe na kile kipande cheupe, akavisogeza kwenye kizingiti cha dirisha, kilichokuwa saruji tupu. Bi Sifuri akamwomba arudi nje. Kwa ukaidi tu, akavifuata vitu vyake dirishani na kubonyeza tena.

Mkate, sifuri. Kikombe, sifuri. Kipande cheupe, sifuri. Safari hii neno hilo halikumtoka mdomoni.

Kazini mashine hiyo hukaa kwenye kisanduku chake cha kupimia, nyuma ya kinachopimwa hakuna kitu, kwa hiyo mkono wake ulikuwa umesahau kuuliza. Miale haisimami kwenye mkate. Inapenya vitu vyepesi na kusoma kilicho chini yake. Kila mgeni wa maabara huambiwa hivyo siku ya kwanza, na anayewaambia ni yeye.

Alilishusha birika sakafuni na kuielekeza mashine kwenye meza tupu. Namba ilipanda, ikapanda, mpaka akaacha kuitazama. Akapiga magoti upande anaokaa Kasuku. Ukingoni, rangi ya njano ilikuwa imeliwa mstari mzima, mbao zinaonekana, na alama za meno zilikuwa ndogondogo. Mwezi uliopita waliziona wakasema ni panya, wakatega mtego.

Akamwita mumewe, akamwonyesha. Fundi alikuwa ameipaka meza ile kwa mikono yake, ili mtoto apende kukaa kula na wakubwa. Alipitisha kidole kwenye alama zile.

"Rangi hii uliichagua wewe," akasema polepole. "Ulisema kampuni yao mmeipima, haina neno."

"Tulipima nyeupe," Bi Sifuri akajibu.

"Na ya njano?"

"Hawakuleta ya njano. Sisi tunapima tunacholetewa."

Cheti ambacho maabara iliitolea ile nyeupe kilibandikwa siku nyingi kwenye vioo vya maduka, juu ya makopo ya kila rangi.  Fundi alishika upande mmoja wa meza, mkewe akashika mwingine, wakaibeba. Mlangoni ilikwama. Kasuku akaja kutoka barazani, akaushika mguu wa meza kwa mikono miwili.

"Mnaipeleka wapi meza yangu?"

Tangu arudi na majibu ya daktari, mama yake hakuwa amemsikia akisema sentensi nzima. Wakati mwingine wowote angemnyanyua juu. Lakini alijua kwamba meza hiyo haichomwi, moshi wake ni sumu. Haipigwi msasa, vumbi lake ni sumu. Wala haipewi mtu, maana kila nyumba ina mtoto. Alisimama hapo mlangoni ameishika, mtoto naye hajauachia mguu wa meza.