Paneli za Mama Barafu

Mtaani walimwita Mama Barafu kwa sababu aliuza barafu, na kwa sababu watu wa mtaa ule hawakosi utani. Mwanamke mwenyewe alikuwa anachemka kama birika. Aliwahi kumfukuza muuza juisi na ndoo yake kwa sababu tu alisema kwamba barafu ya jana ilinuka sabuni. Kesho yake muuza juisi akarudi, maana barafu nyingine haikupatikana, na safari hii alimwamkia kwa shikamoo ingawa walikuwa rika moja.

Aliishi katika nyumba ya marehemu mama yake, yeye na friza zake mbili. Mama alijaliwa watoto wawili tu: kaka, aliyekwenda kufanya kazi mji mwingine akaoa hukohuko, na yeye, kitinda mimba, aliyebaki. Kubaki maana yake ni kwamba yeye ndiye aliyemgeuza mama kitandani, akamlisha kwa kijiko na kumwogesha, mpaka siku alipomfumba macho. Kaka alikuja kuzika. Turubai la msiba halijakunjwa bado, akamwita mdogo wake uani na kumwambia kwamba nyumba itauzwa, kila mtu apate chake. Hakuuliza. Alitangaza tu, kama kondakta anavyotangaza kituo.

Mama Barafu akanyamaza. Hakuwa amekubali, lakini mkubwa akisema amesema, ndivyo walivyolelewa. Hata sahani ya chakula, kaka ndiye aliyechagua kwanza, na aliyebaki akala kilichobaki. Heri nyumba yenyewe ilikuwa mbovu. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, dari lina madoa ya maji kila pembe, na umeme ulikuja siku ulipojisikia. Wanunuzi waliingia, wakaangalia juu, wakaaga kwa adabu. Mwisho hata dalali alichoka, akawa hapokei simu za kaka. Mama Barafu akamshukuru Mungu kwa kuumba kutu.

Kilichomponza ni bidii yake mwenyewe. Kila umeme ulipokatika barafu iliyeyuka, naye alichota maji yake sakafuni huku akiwatukana watu wa umeme mmoja mmoja bila kuwafahamu. Akaamua kuweka sola. Fundi alipanda juu, akashuka akitikisa kichwa: bati hili halibebi kitu, hata paka anapita kwa wasiwasi. Basi akaanza na bati. Akaezeka nyumba nzima upya, halafu akanunua paneli mojamoja, kadiri barafu ilivyotoka. Nguo mpya akazisahau. Betri ilipowashwa mara ya kwanza na friza zikaunguruma bila kumwomba mtu, alikaa kwenye ndoo akalia, na ole wake ambaye angemkuta akilia.

Kaka alikuja likizo, akasimama uani mikono kiunoni, akacheka. Alimwambia amepanga vioo juu ya nyumba ya mama kama duka la miwani, na sasa mnunuzi gani mwenye akili zake atasogea hapo? Mama Barafu akaendelea kufunga barafu yake kwenye mifuko. Moyoni alikuwa anapanga kuongeza vingine viwili.

Lakini vile vioo havikuwafukuza wanunuzi. Viliwaita. Jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima, dalali akapita, akaona nyumba moja tu ina taa. Kesho yake alirudi na simu mkononi akapiga picha paa kutoka kila upande, kisha akaomba maji ya kunywa.

"Chema chajiuza, mama," alisema, ameshika glasi ya maji baridi kutoka kwenye friza ya huyohuyo anayemuuzia nyumba. "Kibaya chajitembeza. Hii sasa inajiuza."

Mama Barafu alimnyang'anya glasi kabla hajamaliza.

Na nani angemlaumu? Nyumba ilipovuja, ilikuwa yake peke yake. Sasa imeezekwa, ina mwanga na inapendeza, ghafla imekuwa ya ukoo. Jasho lake ndilo lililokuwa linamtoa nje. Angelala kwenye chumba cha kupanga, na kule friza mbili huwezi kuziingiza hata kwa ubavu, na bila friza yeye ni nani? Majirani walimwambia hasira hasara. Akawajibu kwamba hasara ameshaipata, hasira ndiyo pekee aliyobakiziwa.

Kaka alipiga simu, sauti imelainika ghafla. Mnunuzi anakuja Jumamosi, mdogo wangu, mtu mwenye uwezo. Azifute paneli vumbi, zing'ae.

"Paneli ni zangu, kaka."

"Zimekaa juu ya nyumba, ni za nyumba. Ukinunua mlango, siku ya kuhama utaubeba?"

Jumamosi asubuhi Mama Barafu alifunga kanga kiunoni, akazima swichi zote kama alivyomwona fundi akifanya, akaegemeza ngazi. Alifungua bolti kwa spana ya kuazima, zilizogoma akazipiga nyundo. Moja baada ya nyingine alizishusha zile paneli kwa kamba na kuziegemeza ukutani juu ya godoro la mama. Barafu aliigawa bure mtaa mzima. Friza zikanyamaza, na ukimya ule ulimuuma kuliko mkono alioukwaruza kwenye bati. Basi na waje, alijisemea. Waje wanunue giza.

Alikuwa bado kwenye ngazi, anaziba matundu ya bolti kwa lami, waliposhuka kwenye gari: kaka, dalali, na mwanamume mfupi mwenye viatu safi. Dalali alitazama paa, akashika kichwa.

"Mama, umeivua nyumba nguo."

Mishipa ya shingo ilimsimama kaka, akaanza kumwomba radhi mgeni, akieleza kwamba paneli zipo, zimeshushwa tu kusafishwa, zitarudi leoleo. Mgeni hakuwa anamsikiliza. Hakuwa ameangalia paa hata mara moja. Alikuwa anapima uwanja kwa hatua ndefu, kutoka ukutani hadi barabarani, akauliza kama lori linaweza kukata kona pale.

"Msigombane," alisema. "Mimi nyumba sina haja nayo. Nabomoa yote, naweka ghala. Ninachonunua ni kiwanja."

Kaka akashusha pumzi, akacheka kicheko cha mtu aliyeponea chupuchupu. Akamgeukia dada yake pale juu na kumwambia kwamba amejichosha bure. Mama Barafu alibaki na kopo la lami mkononi. Chumba alichomfumbia mama macho kingekuwa mahali pa kurundika magunia, na kaka anacheka. Hasira ilimpanda mpaka akaikaza ngazi kwa mkono uliobaki.

Mgeni alisimama mbele ya kaka. "Mama yenu aliacha watoto wangapi?"

"Wawili. Mimi ndiye mkubwa."

"Na huyu dada ameridhia? Mimi sitaki kesi."

"Huyu hana neno," kaka alisema.

Mgeni akainua macho kwa mara ya kwanza. Hakutazama bati, alimtazama mwanamke aliyekuwa kwenye ngazi, akamuuliza yeye mwenyewe kama ameridhia. Tangu siku ya msiba, hakuna aliyemuuliza swali lile. Si kaka, si dalali, wala yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Amebomoa asubuhi nzima kwa nyundo na spana, kumbe kilichokuwa kinatakiwa ni neno moja, na neno hilo alikuwa nalo mdomoni siku zote.

"Sijaridhia," alisema. "Na sitaridhia."

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akawapungia mkono, akarudi kwenye gari lake. Dalali akamfuata mbio, anaeleza kuhusu nyumba nyingine. Kaka alibaki katikati ya uwanja, kinywa wazi, kama mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau. Alianza kusema kwamba yeye ndiye mkubwa. Mama Barafu akamkata kauli.

"Mkubwa ni wewe, sikatai. Nipandishie hiyo paneli ya kwanza, kisha nishikie ngazi. Barafu yangu nimeshaigawa bure kwa ajili yako."

Kaka alitazama gari likiishia kwenye kona. Kisha akainama, akainyanyua paneli kutoka kwenye godoro la mama.