Alikuwa Ameshuka kwenye Baiskeli

Shemeji yangu ndiye aliyeniletea habari ya rufaa. Alinikuta kijijini kwetu Kwapa, shambani, nikipalilia karanga.

"Yule dereva anataka kupunguziwa kifungo," akasema. "Hajamaliza hata miaka miwili kati ya ile sita, ameshachoka."

Nikaendelea kupalilia. Nilichoogopa mimi ni kuyasikia tena yale maneno ya wakili.

Mume wangu aligongwa alfajiri kwenye barabara ya Tororo kwenda Busia, akipeleka viazi vitamu sokoni kwa baiskeli. Lori halikusimama. Wanawake wawili waliokuwa wakienda kulima walishika namba yake, na polisi wakalipata mpakani, kwenye foleni ya kuvukia Kenya. Hilo halikuwa na ubishi. Ila kwenye kesi ya kwanza wakili wa dereva alisema marehemu alikuwa amelewa, akayumba na baiskeli yake mpaka mbele ya gari. Hakimu alimfunga dereva hata hivyo, lakini maneno yale yalifika Kwapa kabla yetu.

Watu waliyaamini upesi, kwa sababu mume wangu aliwahi kuwa mlevi. Aliacha pombe mtoto wetu wa pili alipozaliwa, na baadaye akawa mzee wa kanisa. Lakini jioni ya kuamkia siku ile alikuwa matangani kwa jirani, mahali ambapo wanaume walikaa na mirija yao kuzunguka chungu cha pombe ya wimbi. Aliporudi nilikuwa nimelala. Alfajiri aliondoka bila kuniamsha. Kwa hiyo kanisani waliponong'ona nyuma yangu, sikuweza kuapa kwamba hakunywa. Na mimi mwenyewe nilikuwa na shaka. Hilo sikumwambia mtu yeyote, hata mama mkwe.

Siku ya rufaa tulifika Tororo mapema, tukakaa benchi la nyuma. Dereva aliletwa na wafungwa wengine, wote na nguo zao za njano. Alikuwa amekonda mpaka nusura nisimtambue. Jaji alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, na karani alitutafsiria kwa Kiswahili.

Wakili wa dereva, mpya huyu, akasimama. Akasema mteja wake hapingi tena kwamba ana hatia, anaomba tu huruma juu ya kifungo. Halafu akasema kuna hoja moja ya zamani ambayo mteja wake ameiondoa, na anaomba aieleze kwa mdomo wake. Jaji akamruhusu.

Dereva akashika ukingo wa kizimba.

"Yule mzee hakuwa amelewa," akasema. "Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, anaisukuma nje kabisa ya lami, kwenye nyasi. Mimi ndiye nilisinzia. Nilishtuka nikiwa juu yake. Nikaogopa watu wataniua, nikakanyaga mafuta. Yale ya ulevi niliambiwa niyaseme, nikayasema. Naomba mke wake anisamehe."

Nilimshika shemeji mkono. Kucha zangu zilimwingia, alinionyesha alama baadaye.

Jaji alituliza watu, akatoka, akarudi baada ya chakula cha mchana. Alisema kumwacha mtu barabarani ni jambo baya sana na kifungo lazima kibaki, ila amezingatia kwamba mtu huyu amesema kweli bila kulazimishwa. Miaka sita ikawa minne.

Nje, shemeji alinigeukia kwa hasira. "Amekatiwa miaka miwili, na wewe unacheka?"

Kumbe nilikuwa nacheka, na machozi yanatoka.

"Hukumsikia?" nikamuuliza. "Alikuwa kwenye nyasi. Alikuwa anasukuma."

Akakaa chini palepale kwenye ngazi, akafunika uso kwa kofia. Nikajua kwamba na yeye alikuwa na shaka, miezi yote ile, juu ya kaka yake.

Mke wa dereva alitufuata. Ni mwanamke wa Busia ya upande wa Kenya, mdogo kuliko mimi, mtoto mgongoni. "Mama," akasema, "sijui niseme nini."

"Mwambie nimesikia," nikamjibu. Kusamehe nilikuwa bado, na sikutaka kumdanganya. Lakini nilimpa mkono, naye akaupokea kwa mikono yote miwili.

Jioni mama mkwe alitukuta njiani, kabla hatujafika uani. Nilimweleza yote kwa lugha yetu, Kidhopadhola: nyasi, lami, baiskeli ikisukumwa. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akamwita jirani aliye upande wa pili wa ua, yule aliyekuwa na matanga, akaniambia, "Sasa mwambie na huyu, kwa sauti."

Nikasema kwa sauti.