Mashine ya Kiuno cha Mama

Mtaalamu wa tiba ya viungo pale hospitali ya Mpanda alinikabidhi mashine kwa mikono miwili, akasema ni ya wiki mbili tu, kwa sababu wanayo moja. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni, ya betri, ina nyaya na vibandiko vinne vya mpira mweusi. Unapaka jeli, unabandika kandokando ya panapouma, unazungusha kitufe taratibu. Umeme mdogo unapita kwenye ngozi na kusisimua neva, maumivu yanapungua.

"Yanapungua," alirudia. "Mashine haiponyi. Mama asije akadhani amepona."

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nina shahada ya jiografia na sina kazi, kwa hiyo nyumbani nilihesabiwa kuwa najua kila kitu. Ndani ya lori la kurudi Kasansa nilisoma kijitabu cha maelezo mara nne. Kilikataza kutumia mashine mtu akiwa anaendesha gari. Kutoka Kibaoni hadi nyumbani nilikuwa nawaza kama baiskeli nayo inahesabika, ingawa mama hajawahi kuendesha baiskeli maisha yake yote.

Maumivu yake yalianzia kiunoni yakateremka mguu wa kushoto, na kuinama kulimshinda. Wakati huohuo miche yake ya mpunga ilikuwa imekomaa kitaluni na majaruba yake matatu yamejaa maji. Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, alishapita mara mbili kusema kwa upole kwamba msimu huu ayalime yeye, shemeji apumzike. Kwetu upole wa namna hiyo unajulikana. Ukimwachia mtu jaruba msimu mmoja, msimu unaofuata atakuuliza unatafuta nini shambani kwake. Mama alimjibu kwamba atapandikiza mwenyewe. Hakumwambia kwa kiuno gani.

Nilianza na maswali, kama kijitabu kilivyoelekeza. Shangazi, dada yake baba, aliyekuja kumuuguza, alikuwa amekaa mkekani anasikiliza.

"Mama, una ugonjwa wa moyo?"

"Nilikuwa sina mpaka ulipoanza kuniuliza."

"Una mimba?"

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mjibu, wifi. Labda kaka yangu huwa anakutembelea, hutuambii."

"Ngozi yako ina tatizo lolote?"

"Ngozi ni hii hii ya siku zote. Nyie wasomi mnatibu au mnaandikisha watu?"

Niliridhika, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu hamfunui mama yake kiuno akamtazama. Kwa hiyo mama alilala kifudifudi, shangazi akainua kanga, nami nikageukia ukutani nikawa nasoma maelekezo kwa sauti: paka jeli, bandika, bana kwa plasta. Shangazi aliitikia kila hatua. Nilizungusha kitufe kidogo sana, nikiwa bado natazama ukuta.

Mama alipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwake. Niling'oa betri. Katika sekunde ile nilishajiona namweleza mtaalamu wa viungo jinsi nilivyomuua mama yangu.

Heshima ilinitoka, nikageuka. Kiunoni palikuwa na chale mbichi, mistari kama ishirini, zimepakwa dawa nyeusi ya unga. Vibandiko vilikuwa vimewekwa juu yake barabara.

"Shangazi, hizi umezichanja lini?"

"Jana. Nilijua unakuja na umeme, nikaufungulia mlango."

"Nimeuliza kama ngozi ina tatizo."

"Haina," alisema mama, uso ukiwa ndani ya mto. "Tatizo ni kidonda. Chale ni dawa."

Nilieleza kwamba umeme haupitishwi penye jeraha. Nikaeleza tena kwa maneno mengine. Shangazi alisema dawa isiyouma haijaingia, na kama wifi yake amepiga kelele vile basi imeingia. Nilitoka nje nikazunguka nyumba mara mbili, kisha nikarudi kusoma ukurasa uleule ambao nilikuwa naukumbuka kwa moyo.

Tukangoja chale zipone. Siku saba. Kila asubuhi niliuliza, kila asubuhi shangazi alisema zimepona, na kila asubuhi nilikataa kumwamini, nikaomba kuonyeshwa, nikaambiwa sina adabu. Miche iliendelea kurefuka. Baba mdogo akapita mara ya tatu, safari hii na jembe.

Siku ya nane nilisimamia kila kitu kwa macho yangu, adabu iwepo isiwepo. Tulibandika pembeni ya makovu. Nilizungusha kitufe nusu ya nusu.

"Kama sisimizi," mama alisema. "Wanatembea tu."

Baada ya nusu saa tulibandua vibandiko, akasimama, akanyooka. Nilikuwa sijamwona hivyo tangu nirudi. Nikaanza kueleza kwamba hajapona, kwamba maumivu yametulizwa kwa muda, kwamba asiiname wala kubeba kitu. Nilipofika kwenye kubeba nilikuta nazungumza na shangazi peke yake. Mama alikuwa ameshachukua njia ya majarubani.

Nilimkimbilia. Nilimkuta ndani ya maji mpaka katikati ya miundi, kanga ameikunja, wima kabisa, fungu la miche mkononi. Baba mdogo alikuwa anakuja juu ya tuta.

"Mama, ukiinama utarudi ulikotoka. Nimekwambia haiponyi."

"Nimesikia. Kwani nimeinama?" Alinitupia fungu la miche. "Ingia. Wewe ndiye utakayeinama. Mimi nasimama hapa."

"Mimi sijui kupandikiza."

"Nitakuonyesha. Vua viatu."

Nilivua. Baba mdogo alifika, akasalimia, akamtazama shemeji yake kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Naona umepona, shemeji."

Nilifungua mdomo nimweleze tofauti ya kupona na kutulizwa maumivu. Mama alinikanyaga mguu ndani ya matope.

"Nimepona," alisema.

Baba mdogo aliangalia maji, akaangalia mashina yangu matatu ya kwanza, ambayo yalikuwa yameshaanza kulala, akasema Mungu ni mwema. Akashika njia ya kwake.

"Yang'oe hayo," mama aliniambia. "Chomeka kwa vidole, usisukume kama unapiga muhuri. Na uharakishe, sisimizi wangu wameanza kulala."