Kiganja Juu ya D

Wiki hii nilicheka kwa fundi kompyuta mjini Geita, kisha nikaacha ghafla.

Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama muuza dagaa wa Nkome, na laptopu inayowaka kwa kusuasua. Fundi akamtuliza: "Imegawanywa vyumba viwili, mama, C na D. Nafomati C tu, yaani nafuta vyote vilivyomo, nipige windo upya. Vitu vyako viko D, siigusi."

"Humo mna sauti ya marehemu mume wangu akiwataja wazee wa ukoo," mama akasema. "Sisi tukichoma shamba, mtu husimama mpakani na tawi bichi, auzime moto usivuke."

Basi C na D zilipotokea kwenye kioo, akaifunika D kwa kiganja. Tukacheka, fundi na mimi. Fundi akasogeza mshale, ukapotelea chini ya kile kiganja.

"Mama, toa mkono kidogo nibonyeze."

"Unabonyeza nini huku, mwanangu?"

Fundi akatazama vizuri, akaurudisha mshale kwenye C.

Zamu yangu ilipofika sikuona aibu hata kidogo. D yangu niliifunika kwa viganja viwili.